Makala Iliyotoka Yenyewe

Mama Mapazia alishona mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, aliandika maneno machache kwenye blogu yake. Aliandika namna ya kupima dirisha mara moja bila kurudi tena kwa mteja. Aliandika namna ya kujibu simu zote kwa pamoja badala ya kuacha kazi kila simu inapolia. Wenye saluni na maduka madogo walimsoma, hata wasiohitaji pazia.

Mumewe, fundi rangi, alimtania kwamba anaokoa muda kwa mkono mmoja na kuutumia wote kuandika jinsi alivyouokoa.

Kisha Mama Mapazia akagundua jambo lililompendeza mno. Unaweza kuandika makala leo, ukachagua siku na saa, nayo ikatoka yenyewe wewe ukiwa umeshika mkasi. Jumapili akaandika makala za wiki nzima. Ya Alhamisi ilihusu wageni wanaokula muda wa kazi. Alitaka mfano, na mfano wa karibu ulikuwa mama mkwe wake, ambaye alipenda kukaa kwenye kiti cha wateja na kuongea mpaka chai ipoe. Akaandika hivi: "Mama mkwe wangu akifika, cherehani inaomba likizo. Dawa yake nimeipata. Mpe vitambaa akunje, atakumbuka kwamba ameacha nguo kwenye kamba." Alicheka peke yake, akabonyeza, akasahau.

Jumatano mama mkwe aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alhamisi asubuhi aliingizwa chumba cha upasuaji. Mama Mapazia, mumewe na wifi yake walikaa kwenye benchi la korido, kila mtu na mawazo yake. Simu ya wifi ikalia. Wifi akasoma, akarudia kusoma, kisha akamgeukia.

"Wifi, mama yuko kwenye kisu, na wewe unamfanyia mzaha mtandaoni?"

Mama Mapazia hakuelewa. Alipopewa simu aliona jina lake na picha yake akitabasamu, na makala imetoka muda huo huo. Alijitetea kwamba aliiandika Jumapili, kabla ya yote haya. Wifi alimjibu kwamba tarehe iliyopo ni ya leo. Fundi rangi naye akasoma, akarudisha simu, akahamia mwisho wa benchi. Hilo lilimchoma mkewe kuliko maneno ya wifi.

Alitaka kuifuta papo hapo, lakini simu yake ilikuwa imezima na chaja ilikuwa nyumbani. Neno la siri la blogu lilikuwa limehifadhiwa ndani ya simu hiyo hiyo. Kichwani hakulikumbuka, na hakuna mtu mwingine aliyeweza kuingia. Wasomaji wakaanza kucheka chini ya makala, mmoja akiongeza mzaha mbaya zaidi. Yeye aliangalia tu kwenye simu ya wifi.

Mgonjwa alitoka salama. Mama Mapazia akakimbia nyumbani, lakini hakuingia kwake. Aliingia kwa jirani yake, mwanamke mwenye duka la kuchapisha, aliyezijua blogu vizuri. Jirani alimpa chaja na kiti. Simu ilipowaka, makala ikafutwa.

"Imekwisha?" aliuliza Mama Mapazia.

"Kwako imekwisha. Walioipiga picha bado wanayo. Tazama, imefika kwenye kundi la mtaa wetu."

Mama Mapazia alishika kichwa. Jirani hakumwacha alie sana. Alimwambia asijifiche: aandike wazi kwamba alimtania mtu bila ruhusa yake, kwamba mtu huyo ni mgonjwa, na kwamba anaomba radhi. Kisha akamfungulia orodha ya makala zilizopangwa. Ya Ijumaa iliwaita wateja wote waje siku hiyo hiyo, chumba cha kushonea kiko wazi. Wangekuja, wakakuta kufuli.

"Mashine haijui kwamba una mgonjwa," alisema jirani. "Inatoa ulichoiambia, hata mkiwa msibani. Zirudishe zote ziwe rasimu. Halafu mwongeze mumeo awe msaidizi wa blogu, aingie kwa neno lake la siri, siyo lako, ili aweze kuzuia ukiwa mbali. La mwisho, dada, ukitaka kuandika habari za mtu, msomee kwanza yeye mwenyewe."

Mengine Mama Mapazia aliyafanya hapo hapo. La mwisho ndilo lililokuwa zito. Mama mkwe angeisikia tu, kwa wifi au kwa mtaa, na pengine asikanyage tena nyumbani kwao. Kesho yake Mama Mapazia alikaa kando ya kitanda akamsomea makala yote, hata ile dawa.

"Vile vitambaa," alisema mama mkwe. "Mimi nilidhani nakusaidia."

Mama Mapazia hakuwa amewaza hata siku moja kwamba mama huyu alikunja vile vitambaa kwa moyo. Aliomba radhi huku machozi yakimtoka.

"Tangu baba yenu afe, kwangu niko mimi na saa ya ukutani," mama mkwe aliendelea. "Ukiwa na kazi, niambie. Mimi si mtoto."

Siku hizi Mama Mapazia bado hupanga makala, lakini kila asubuhi huipitia ya siku hiyo kabla haijatoka. Siku moja alipokuwa na homa, fundi rangi aliizuia moja kwa simu yake, na hakuna mteja aliyekuja bure. Habari za mtu haziandikwi kabla mwenyewe hajazisikia.

Juzi mama mkwe alifika na mkongojo wake, akasimama mlangoni.

"Una kazi leo?"

"Ninayo, mama. Nyingi."

"Basi nitakuja alasiri."

Alasiri ilipofika, Mama Mapazia alifunika cherehani na kuzima simu. Kisha akavuta kiti cha pili.