Pisheni, Maji ya Moto

Maji yalipomwagika nyuma ya jiko hayakuzama. Yalikaa juu ya udongo mkavu yakifuka mvuke, kisha yakanywewa yote kwa mkupuo mmoja, na chini ya ardhi pakasikika kilio kifupi, kama cha mtoto aliyezibwa mdomo.

Letisia alisimama na karai tupu mkononi. Aligeuka haraka kumtazama binti yake, Siwema, aliyekuwa amekaa mkekani akitafuna kipande cha muhogo. Mtoto alikuwa mzima. Basi akajiambia ni paka, akaingia ndani kuchukua sabuni.

Karai lenyewe lilikuwa la mama mkwe wake, Mwanakheri. Tangu walipohamishwa kutoka mji wao wa zamani na kuletwa kwenye kijiji hiki cha ujamaa, kando ya barabara iendayo Mikumi, miguu ya mama huyo ilikuwa ikivimba kila jioni atokapo shambani. Dawa yake ilikuwa moja tu: maji ya moto, chumvi na majani ya mkaratusi, atumbukize miguu humo aanze kuguna kwa raha mpaka yapoe. Na kuyamwaga nako kulikuwa na adabu yake. Unasimama kwanza, unasema, "Pisheni, maji ya moto," unangoja kidogo, ndipo unamwaga. Letisia alikuwa mtoto wa milimani, Vidunda, aliyesomeshwa na masista. Maneno hayo aliyasema ili kumridhisha mkwewe, huku moyoni akicheka.

Siku ile Mwanakheri aliitwa mkutanoni kabla hajatia hata kidole, na Letisia alilitaka karai amwogeshee mtoto. Alikuwa amechoka na hakuna aliyekuwa akimtazama. Juzijuzi tu hapa palikuwa pori; nani wa kupisha? Akamwaga kimya kimya.

Asubuhi Siwema alikataa kusimama. Alikuwa ameshaanza kusimama dede, na nyumba nzima ilikuwa ikingoja hatua yake ya kwanza; baba yake, aliyekuwa kazini reli huko Kilosa, alikuwa ameahidi kumletea viatu. Sasa ukimwinua anakunja miguu na kupiga yowe. Nyayo zilikuwa nyekundu, na kufikia adhuhuri zikatoka malengelenge, ilhali moto hakuukaribia. Bwana dawa wa zahanati alimpaka dawa ya zambarau, kisha akamwuliza Letisia, bila kumtazama usoni, ni nani aliyemuunguza mtoto. Letisia alirudi nyumbani akilia njiani.

Jioni ilipoingia, harufu ya nywele zilizoungua ikaanza kupanda kutoka nyuma ya jiko. Siwema akilia ndani, kitu kinamwitikia huko chini. Akinyamaza, nacho kinanyamaza. Ikawa hivyo kila magharibi, na malengelenge hayakukauka, mpaka Mwanakheri alipomvuta mkwewe pembeni ya kitanda.

"Mama Siwema," alinong'ona. "Siku ile ya mkutano, maji yangu uliyamwaga wapi?"

"Nyuma ya jiko, mama."

"Ulisema?"

Letisia aliinamisha kichwa. "Sikusema, mama. Nisamehe."

Mwanakheri hakumgombeza, na Letisia aliona heri angegombezwa. Mama huyo alikaa chini taratibu, akashika magoti yake. "Umemuunguza mtoto wa mtu," alisema.

Mganga alitoka Msowero kwa baiskeli, mzee mfupi aliyeuza pia tumbaku, akanywa chai yote iliyokuwamo birikani kabla ya kufungua mkoba. Alifukiza ubani nyuma ya jiko, akatikisa kichwa, akatikisa mabega, kisha kinywani mwake ikatoka sauti ya mwanamke kijana, sauti ya mtu aliyekesha akiuguza.

"Wangu naye alikuwa anaanza kusimama," ilisema. "Mbuzi wenu simtaki. Aliyemuunguza ndiye atakayemuuguza. Wangu akitembea tutapishana, na yaishe."

Mganga alipozinduka na kuambiwa maneno hayo, alifurahi waziwazi. "Mna bahati nyinyi," alisema. "Mtapishana. Yeye ashike njia yake, nanyi mshike yenu. Sasa sikiliza, binti. Kila magharibi weka karai hapa, maji yawe vuguvugu, na majani yale yale. Fumba macho, osha utakachokikuta ndani. Usifumbue mpaka uitwe na mtu wa nyumbani. Ukifumbua, mimi simo."

"Nitafanya, mzee," alisema Letisia. Kwa ajili ya Siwema angeingiza mikono hata kwenye makaa.

Jioni ya kwanza alipotumbukiza mikono alikuta maji matupu, akaanza kupumua, na ndipo miguu miwili midogo ikateremka taratibu katikati ya viganja vyake, myembamba, yenye ngozi inayoteleza na kuchanika, nayo ikatetemeka alipoigusa. Nyuma ya shingo yake mtu alikuwa akipumua. Letisia alitaka kukimbia, alitaka kumwita Mama Maria kwa sauti, lakini alimkumbuka Siwema ndani, akaosha.

Akaendelea hivyo jioni baada ya jioni, na mikono ikazoea. Aliijua miguu ile kama mtu anavyojua njia ya kisimani: kisigino chembamba, unyayo usio na uvungu, kidole cha mwisho cha kulia kilichompanda mwenzake. Hofu ilipungua, huruma ikaingia, mpaka akajikuta anaimba kwa chini wimbo wa kubembeleza. Kila ngozi ilivyofunga ndani ya karai, ndivyo malengelenge ya Siwema yalivyokauka. Mwanakheri alianza kucheka tena.

Jioni ya mwisho miguu ile ilisimama imara ndani ya maji. Letisia alisikia mmoja ukitoka, kisha wa pili, maji yakidondoka, tap, tap, kuelekea mlangoni, na papo hapo, upande wake wa pili, mtu akapita akitokea ndani ya nyumba, upesi, mzito, akihema kama aliyebeba kitu kifuani, na katika ule upepo wake ikaja harufu ya mafuta ya nazi, yale ambayo yeye mwenyewe alikuwa amempaka Siwema kichwani jioni ile ile, na moyo ukamwambia fumbua, fumbua sasa, naye akakumbuka alivyoagizwa na mganga, akabana macho mpaka yakamuuma.

"Mama Siwema," Mwanakheri aliita kutoka ndani. "Njoo uone. Anatembea."

Letisia alikimbia. Mtoto alikuwa amesimama katikati ya chumba, gauni lile lile, uso ule ule, akimcheka. Kutoka kizingitini mpaka alipo, sakafu ya udongo ilikuwa na alama za nyayo mbichi. Hakukuwa na alama za kutoka.

Alimpakata. Kwa mazoea akafumba macho, akaichukua miguu ile viganjani. Kisigino kilikuwa chembamba. Kidole cha mwisho cha kulia kilikuwa kimempanda mwenzake.

"Mbona hufurahi, mwanangu?" Mwanakheri aliuliza.

"Tumepishana, mama."

"Ndiyo, yameisha. Tumshukuru Mungu."

"Mlangoni, mama. Mmoja aliingia, mmoja akatoka."

Mwanakheri aligeuka kuzitazama zile nyayo sakafuni. Nyuma ya jiko, chini kabisa ya ardhi, mtoto alianza kulia, akiita "mama", neno moja tu alilokuwa analijua Siwema. Letisia aliinuka nusu. Lakini yule aliyekuwa mapajani mwake alinyoosha mikono yake midogo, bado imelowa, akamziba masikio yote mawili.