Nafasi ya Kileleni

Kengele ya jioni ilipolia, Mbeti alitia vitabu mkobani, akamshika mkono rafiki yake Njoki, wakakimbia hadi ukumbi wa mtaa wa Kaloleni. Ndivyo walivyofanya kila siku ya mazoezi. Huko walimkuta Mwalimu Thuo, mwalimu wao wa mazoezi ya viungo, akiwa amekwisha kuvua viatu na kutandika magodoro sakafuni.

Shule yao ilikuwa ikijiandaa kwa maonyesho ya Siku ya Madaraka. Wangejipindua na kutembea kwa mikono, kisha wamalize kwa mnara: wanafunzi wanne chini, wawili juu ya mabega yao, na mmoja kileleni, mikono ameitandaza kama ndege. Huyo wa kileleni alikuwa Mbeti. Mtaani watoto wadogo walimwita "Mbeti wa Juu," naye alijifanya hasikii, lakini moyoni alifurahi.

Jioni moja mnara ulipokuwa ukipanda, Maingi, mvulana mcheshi aliyesimama chini, aliguna kwa sauti.

"Ai! Mwalimu, leo Mbeti amemeza sufuria ya nani?"

Wote wakaangua kicheko. Mwalimu Thuo naye akacheka. "Mbeti, ukiendelea hivi tutakuita gunia la mahindi," alisema. "Wa kileleni ni unyoya, bwana!"

Mwalimu alitania tu, na baada ya muda mfupi alikuwa amesahau. Mbeti hakusahau. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mwaka huo sketi yake ilikuwa imefupika hata mama yake akaishusha pindo.

Kuanzia hapo alifungua macho. Wiki iliyofuata alimwona Mwalimu akimwita Njoki pembeni, karibu na jukwaa, akimnong'oneza. Njoki alitikisa kichwa kukubali. Mbeti alipowakaribia, wakanyamaza.

"Twende nyumbani," Mbeti alimwambia rafiki yake.

"Tangulia," Njoki akajibu, bila kumtazama. "Nitakuja na Maingi."

Mbeti alitoka, lakini hakwenda mbali. Alizunguka nyuma ya ukumbi, akajiinua kwa vidole vya miguu na kuchungulia dirishani. Kioo kilikuwa na vumbi jingi. Alichoweza kuona ni kichwa cha Njoki na mikono yake miwili, imeinuliwa juu kabisa, na Mwalimu akisema, "Vizuri! Mikono juu! Usiishushe!"

Mikono juu! Nani mwingine huinua mikono juu ila wa kileleni? Njoki, aliyechota naye maji kwenye bomba moja, alikuwa anamnyang'anya nafasi yake. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Kesho yake alimkabili njiani. "Jana mlikuwa mnafanya nini?"

"Mazoezi tu."

"Mazoezi gani?"

Njoki aliutazama udongo. "Mwalimu amesema nisikwambie."

Mbeti hakuuliza tena. Aliamua kwamba atakuwa mwepesi kuliko Njoki, hata kama kufanya hivyo kutamtesa.

Shuleni, maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, yalipogawiwa, alimpa pakiti yake ndogo ya pembe tatu mdogo wake Mutisya, aliyekuwa darasa la pili. Usiku alimsogezea sahani yake ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe na nyama. Mutisya, ambaye hakuwahi kupewa kitu bure na dada yake, alikinusa chakula kwanza.

"Umetia nini humu?"

"Sijatia kitu. Kula."

"Kuna nyama na unanipa? Onja wewe kwanza nione!"

Mama yao naye alikuwa na macho. "Mbeti, mbona sketi inakuzunguka kiunoni? Unakula kweli?"

"Nimekula shuleni, Mama."

Mama alimkazia macho kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa sokoni, lakini akamwachia.

Siku chache kabla ya maonyesho, walijenga mnara mzima. Mbeti alipanda. Alipofika juu, magoti yakaanza kumtetemeka, na vidoadoa vyeusi vikacheza machoni pake. Akatazama chini. Njoki alikuwa amesimama chini yake kabisa, mikono juu, macho hayambanduki.

"Ananingoja nianguke," Mbeti aliwaza.

Na kweli akaanguka.

Hakukumbuka alivyoteleza. Alikumbuka mikono ikimkumbatia kifuani, kisha yeye na Njoki wakibiringika juu ya magodoro. Mnara wote ukavunjika kwa makelele. Mwalimu alifika mbio, akapiga magoti.

"Usiinuke, Mbeti. Shingo inauma? Mgongo? Chezesha vidole vyako." Alipoona hajavunjika popote, akauliza polepole, "Leo umekula nini?"

Mbeti akageuza uso.

"Jana je?"

Njoki, aliyekuwa ameushika mkono wake mwenyewe wa kushoto uliotenguka, akaanza kulia. "Nilikudaka, Mbeti. Si nilikudaka?"

"Ulikuwa unataka nafasi yangu!" Mbeti akafoka. "Nilikuona dirishani!"

"Nafasi gani? Mimi naogopa hata kulala kitanda cha juu!"

"Alikuwa anajifunza kudaka," Maingi akaeleza. "Mimi nilikuwa naruka kutoka kwenye benchi. Ameniangusha mpaka nikachoka!"

Mwalimu Thuo aliahirisha mazoezi, akawapeleka wasichana wote wawili zahanati, akamwita mama yake Mbeti. Mkono wa Njoki ukafungwa bendeji. Kuhusu Mbeti, muuguzi alisema hakuna ugonjwa ila njaa. Mama alimpa uji, akamngoja aumalize, ndipo akamgeukia Mwalimu.

"Mwalimu, mwanangu amenidanganya, na hilo tutalizungumza nyumbani. Lakini nina swali. Njoki amenieleza yote. Kwa nini aliambiwa ayafiche mazoezi yale?"

"Hata kabla ya haya niliona miguu ya Mbeti ikitetemeka akiwa juu, Mama Mbeti. Nikataka awe na mtu wa kumdaka. Nikaogopa kwamba akijua atapoteza ujasiri."

"Ulimwogopea, ukanyamaza. Naye aliogopa, akanyamaza. Mtoto akiambiwa na mtu mzima 'usiseme,' mimi nitajuaje kama siri hiyo ni njema au mbaya?"

Mwalimu alikuwa kijana, aliyetoka chuoni juzijuzi. Aliinamisha kichwa. "Nimekosa," alisema. "Na ule utani wa gunia la mahindi, Mbeti, ndio uliokufanya usile?"

Machozi yakamtoka Mbeti. Akatikisa kichwa kukubali.

Siku iliyofuata Mwalimu aliwakusanya wote ukumbini. Hapakuwa na magodoro. "Mtoto wa umri wenu anakua, na ni lazima akue," alisema. "Nilifanya makosa kumcheka Mbeti kwa hilo, na naomba radhi mbele yenu. Kuanzia leo, kabla ya kupanda, kila mtu aseme kama amekula na kama kuna mahali panapouma. Atakayesema hatachekwa."

Mwishowe Maingi akainua mkono, uso umemwiva kwa haya. "Mwalimu… goti langu linauma tangu mwezi uliopita. Siku ile niliguna kwa sababu ya goti. Mbeti hakuwa mzito. Niliogopa mngeniondoa."

Mbeti alimtazama kwa mshangao. Siku zote zile za njaa, na tatizo lilikuwa goti la Maingi!

Mwalimu aliufuta mnara wa ghorofa tatu. Siku ya maonyesho, wenzao walijenga mnara mfupi, kila upande ukiwa na mtu wa kudaka, na uwanja mzima ukawapigia makofi. Mbeti na Njoki walitazama wakiwa wamekaa kwenye nyasi na mama yake Mbeti. Ilimuuma Mbeti kidogo kukaa chini wakati wenzake wakishangiliwa.

"Njoki," alisema, "nilikuwazia mabaya. Nisamehe."

"Ungeuliza mara ya pili, ningekwambia tu. Nilikuwa karibu kupasuka!"

Mwalimu Thuo alikuja akachuchumaa mbele yao. "Mbeti, ukipata nguvu utarudi, na tutakutafutia nafasi inayoufaa mwili wako jinsi ulivyo."

"Itakuwa ya kileleni, Mwalimu?"

"Sijui bado, na sitakudanganya. Lakini shika haya. Maonyesho yatakuja mengi, ila mwili huna mwingine. Usiunyime chakula ili umpendeze mtu, hata kama mtu huyo ni mwalimu wako. Ukiumia, sema. Na ukimshuku mwenzako, muulize mpaka upate jibu, au nenda kwa mtu mzima unayemwamini. Shaka ukiifungia moyoni hukua haraka kuliko mtoto."

Mama Mbeti akafungua bakuli la chakula. "Ameeleza vizuri," alisema. "Sasa kuleni, nyote wawili. Na wewe pia, Mwalimu."