Mti Uliokuwa Kazini

"Mti haujikati wenyewe, mama," alisema fundi cherehani, mikono kiunoni. "Nimekwenda kumuuguza dada yangu wiki mbili tu, narudi nakuta tawi la mwarobaini limekatwa, jua limekalia kiti changu."

"Na mimi nimetoka zamu ya usiku, naomba nilale," alijibu jirani yake, muuguzi, sare bado mwilini. "Mwanangu anaokota mbao zilizotupwa. Miti mibichi haijui."

"Haijui, na huo msumeno ukutani ni wa nani? Ni wangu mimi ninayeshona magauni?"

Ua mzima ukacheka, maana ulikwisha kujaa. Penye ugomvi hapakosi watazamaji. Mmoja alikuja na mswaki mdomoni. Wote waligeuka kumtazama binti wa muuguzi, aliyeitwa Msumari kwa sababu ya wembamba wake, na kwa kuwa kutwa nzima alikuwa akigonga nyundo. Msumari hakujitetea. Alimtazama mtu mmoja tu, Chiriku, msichana wa mlango wa pili, kisha akainamisha kichwa.

"Basi," alisema muuguzi kwa uchovu, akimgeukia binti yake. "Msumeno naufungia kabatini. Na ile spika yako naifungia vilevile, mpaka ukweli ujulikane."

Chiriku, ambaye siku nyingine husema mpaka wasikilizaji wachoke, leo alichora mchanga kwa kidole cha mguu. Lakini moyoni mwake mlikuwa na furaha ndogo ya siri. Spika imefungiwa.

Zamani, kila jioni watu walijaa barazani kwa kina Chiriku. Mama yake alikuwa na mikeka ya kutosha na habari za kutosha, na Chiriku mwenyewe aliiga sauti za majirani mpaka watu wakashika mbavu. Kisha Msumari akaokota droo ya kabati bovu. Aliitoboa tundu la mviringo, akatia ndani matumbo ya redio ya zamani, akafunika tundu kwa kipande cha gunia. Mbao aliziunga kwa skrubu, bila gundi, ili kitu kikiharibika afungue atengeneze badala ya kutupa. Ile droo ikaanza kuimba, sauti nene na laini.

Watoto ndio walioanza kuhamia kwa muuguzi. Wakubwa wakafuata. Mwishowe hata bibi yake Chiriku alibeba kigoda chake akavuka ua, akidai anakwenda kunyoosha miguu. Paka naye akamfuata bibi. Muuguzi alimwita Chiriku kila mara, "Njoo ndani, mwanangu." Chiriku alijibu kwamba ana kazi ya shule, akabaki peke yake kwenye mkeka mpana, wivu ukimtafuna kama mchwa wanavyotafuna mlango: nje rangi, ndani unga.

Akaamua kutengeneza spika kubwa mara mbili, ya mbao mpya. Kumwuliza Msumari namna ya kuitengeneza kungekuwa kukiri kwamba mwenzake anajua. Kwa hiyo aliazima msumeno wake tu, tena kwa kusingizia kazi ya shule. Fundi cherehani alipokuwa safarini, na watu hawapo uani, Chiriku alikata tawi nene la mwarobaini, lilelile lililotandaza kivuli juu ya cherehani. Wapasua mbao wa barabara ya pili wakampasulia vipande. Akavipigilia misumari, akatia ndani redio kuukuu ya mjomba wake, akapaka rangi nyekundu, akaficha sanduku lake chini ya kitanda.

Sasa, jioni ya siku ile ya ugomvi, aliona zamu yake imefika. Alilitoa sanduku barazani. Watu walikuwa wameukosa muziki, wakaja kweli, hata paka. Chiriku akawasha.

Ilitoka sauti kama ya nyuki waliofungiwa kwenye kopo.

"Hiyo ina mafua," alisema mzee mmoja. "Ipelekeni kwa muuguzi."

Watu walicheka, wakangoja kidogo kwa adabu, kisha wakakumbuka shughuli zao mmoja mmoja. Bibi yake peke yake alibaki, kwa huruma, na hilo ndilo lililomuuma Chiriku zaidi.

Alilibeba sanduku mpaka nyuma ya nyumba, Msumari alikokuwa akiosha vyombo. Akaliweka chini mbele yake. Msumari alifuta mikono, akaligeuza. Kwenye kona mbao zilikuwa zimeachana. Kidole chake kidogo kiliingia chote.

"Mbao zilikuwa bado mbichi," alisema. "Zikikauka zinasinyaa na kupinda, misumari inalegea. Droo yangu ilikwisha kauka tangu mama hajaolewa. Haina pa kusinyaa tena."

"Ulijua ni mimi?"

"Msumeno ulirudi na maganda mabichi kwenye meno."

"Mbona hukusema mbele ya watu?"

Msumari alisuuza sahani kwanza. "Ningesema, ungewaambia nakuonea wivu. Na kwa kusema, mimi sikuwezi."

Chiriku alichukua sahani, akaanza kuifuta.

Asubuhi Chiriku alimkuta fundi akikokota cherehani kuukimbilia ukuta wenye kivuli, jasho likimtiririka. "Shangazi," alisema, "ni mimi niliyekata tawi. Msumari hakuhusika. Nilimwonea wivu."

Fundi alitoa pini alizozibana midomoni, moja baada ya nyingine. "Kumbe ukitaka unaweza kusema kwa ufupi," alisema. Kisha akamwita muuguzi, na Chiriku akayarudia maneno yaleyale, safari hii mbele ya Msumari. Muuguzi hakumgombeza. Alimpa binti yake ufunguo wa kabati, akamshika bega kwa muda.

Siku ile Chiriku aliunganisha mabaki ya vitambaa vya fundi, akasaidiwa na bibi, mpaka yakawa turubai la rangi kumi na mbili lisilolingana pembe. Walilifunga kati ya mwarobaini na ukuta, kivuli kikarudi juu ya cherehani. Sanduku jekundu walilifungua, mbao zikawekwa kivulini zikauke polepole chini ya jiwe ili zisipinde. Msumari aliahidi kuziunga upya kwa skrubu, na fundi akatoa mabaki mengine ya kujaza ndani, sauti isipige kelele.

"Sikiliza, mwanangu," fundi alimwambia Chiriku walipomaliza. "Tawi lile lilikuwa kazini. Lilinikinga mimi, lilikinga nguo za watu, ndege walikaa juu yake. Ukalitoa kwenye kazi yake, ukalipa kazi lisiyoiweza. Mwenzio alichukua droo isiyo na kazi akaipa kazi. Ukitaka kutengeneza kitu, jiulize kwanza: hiki ninachokichukua kinamfaa nani sasa hivi? Na ukiona mwenzako amefanya vizuri, mwulize amefanyaje. Kuuliza ni bure. Wivu umetugharimu kivuli, na mti hauharakishwi."

"Nitaumwagilia, shangazi."

"Utaumwagilia, ndiyo. Na pini zangu utaziokota."

Jioni droo iliimba tena kwa muuguzi. Mlango ulikuwa wazi, viatu vimejaa kizingitini, na kigoda cha bibi kilikuwa mahali pake. Chiriku alibaki uani akikunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa. Muuguzi akachungulia, mwiko mkononi.

"Na wewe unangoja barua ya mwaliko? Msumari amekushikia nafasi kwenye mkeka, na hakuna wa kutuchekesha. Nawa mikono, uingie tule."