Sauti ya Dorika, Bila Dorika

Jumatatu saa tatu asubuhi, wimbo wa jubilei ambao kwaya ya Issuna ilikuwa haijaurekodi ulishaenea kwenye simu za kijiji kizima. Sauti ilikuwa ya Dorika, aliyewatungia nyimbo kwa miaka thelathini. Saa sita kamati ya kwaya ikamfukuza kwa kuuvujisha. Miaka thelathini, na hawakumpa hata kiti!

Dorika mwenyewe akapiga simu polisi. Koplo Amne alifika kutoka Ikungi saa nane.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sijaimba popote. Wakininyang'anya na jina la utunzi, nabaki na nini?"

Amne aliusikiliza wimbo akifuatisha daftari la Dorika. Daftarini: *mzee aliyejenga kanisa*. Kwenye simu: *Nathan aliyejenga kanisa*.

"Mzee huyu ni nani, mama?"

"Baba mkwe wangu, marehemu. Jina lake silitaji."

Amne, naye mke wa Mnyaturu, alielewa. Kwa Wanyaturu, mkamwana halitaji jina la baba mkwe hata akiwa peke yake. Sauti ile ilitengenezwa kwa akili mnemba, na aliyeandika maneno hakuwa na mwiko huo.

Wote walimnyooshea kidole mwalimu Chediel, anayerekodi mazoezi.

"Narekodi, ndiyo," alisema Chediel. "Lakini mimi mtu wa Rungwa, nimehamia mwaka jana. Nathan simjui. Hapa wote wanamwita Mzee wa Kanisa."

Mdhaniwa ndiye, kumbe siye.

"Nani mwingine anazo rekodi?"

"Paschal, mwana wa mama Dorika. Aliziomba Ijumaa."

Mjukuu hana mwiko na babu yake. Humtania kwa jina. Saa kumi, mbele ya kamati na waimbaji, Amne aliifungua simu ya Paschal. Wimbo ulikuwemo, umejaribiwa mara kumi na nne.

"Tangu utoto nilimwomba anifundishe kutunga," Paschal alifoka. "Akasema sina sikio. Haya, nimetunga, na wote mmeupenda!"

"Umetunga nini?" mama yake aliuliza. "Umebadili neno moja, na ndilo lililokukamata."

Mwenyekiti, Mzee Lazaro, akakohoa. "Tusamehe, mama. Utunzi ni wako. Ila sauti ile ya kwenye simu haikwami pumzi kama wewe siku hizi. Siku ya jubilei tutaiwasha hiyo, jina lako tutalitangaza."

Hakuna aliyepinga. Hata waimbaji aliowafundisha walitazama chini.

Dorika alirudisha sare ya kwaya jioni ile ile. Kesho yake majirani walimwona akipepeta mtama tangu asubuhi mpaka jua kali, na kwa mara ya kwanza hawakumsikia akiimba.