Mbwa Mzee na Vidonge vya Bibi

Nyumba ya Bibi Fortunata, kijijini Kilangala, ilikuwa haikosi watu. Aliyekuja kuazima kinu alikaa. Aliyekuja kuomba kaa la moto alikaa. Ikifika saa mbili asubuhi baraza ilikuwa imejaa akina mama wanaomenya mihogo, na habari za kijiji kizima zilimenywa pamoja nayo. Rosalia, mjukuu wake wa darasa la sita, alishazoea kelele hizo. Kila siku kabla ya kwenda shule alifagia uwanja, akachota maji ndoo mbili, kisha akaenda nyuma ya jiko kumpelekea Mtasema uji wake.

Mtasema alikuwa mbwa wa shamba, rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Jina hilo alipewa na babu yake Rosalia, ambaye sasa ni marehemu. Majirani walipomuuliza babu alikuwa akimlenga nani, alicheka tu. Kwa miaka kumi na mmoja mbwa huyo alishinda na Bibi shambani, kwenye mihogo na mikorosho, akifukuza ngedere mchana na nguruwe pori jioni. Mihogo ya jirani iliweza kufukuliwa yote, ya Bibi Fortunata ikabaki imesimama.

Lakini mwaka huu Mtasema alikuwa amezeeka. Macho yake yaliingia ukungu. Asubuhi miguu ya nyuma ilikakamaa, akajaribu kusimama mara mbili, mara tatu, huku akilia kidogo kidogo kama mtu anayeona aibu kulia.

Mjomba Klementi, mtoto wa mwisho wa Bibi, alimtazama siku moja akatikisa kichwa.

"Mama, mbwa asiyefika shamba anakula ugali wa nini? Korosho zikianza kudondoka akiwa hivi, nitamwita mtu mwenye rungu ammalize."

Rosalia, aliyekuwa akiosha vyombo, alisikia kila neno.

Sasa, Bibi mwenyewe alikuwa na magoti mabovu. Zahanati walimpa vidonge vyeupe vya kumeza baada ya chakula, naye akishameza, baada ya muda mfupi unamwona amesimama na jembe begani. Rosalia aliliona hilo kila siku. Akafikiri: kama vinasimamisha magoti ya Bibi, vitashindwaje na miguu ya mbwa? Asubuhi iliyofuata alichukua kidonge kimoja, akakificha ndani ya tonge la ugali, akampa Mtasema.

Kesho yake mbwa alisimama kwa jaribio la kwanza. Akatembea hadi shambani, polepole, lakini alifika.

"Kumbe alikuwa anadeka tu!" Mjomba Klementi alicheka.

Basi Rosalia akaendelea. Kimoja kila siku. Mbwa aliporudi kuchechemea, akampa viwili, asubuhi na jioni.

"Hivi vidonge vyangu siku hizi vinaliwa na panya?" Bibi aliuliza jioni moja, akikung'uta kipakiti kitupu.

Rosalia alizidi kuinamia daftari lake. Wiki hiyo Bibi alikwenda shamba akijishikilia kwenye ua wa kila nyumba aliyoipita.

Siku ya nane Mtasema alikataa uji. Alitapika kitu cheusi, na kinyesi chake kilikuwa cheusi kama lami, kinanuka vibaya. Alijikokota mpaka mbele ya baraza, akalala ubavu, mbavu zikipanda na kushuka. Akina mama waliacha kumenya.

"Huyo kalishwa sumu," alisema Mama Adija, jirani wa upande wa kisima, ambaye hakuna habari iliyompita. "Sumu hiyo. Mimi nakwambieni."

"Kalishwa na nani?"

Mama Adija hakutaja jina. Alionyesha kwa midomo tu, kuelekea nyumba ya Mzee Abdala.

Wote wakaelewa. Mzee Abdala alikaa jirani, na kila jioni alichoma mishikaki njia panda. Wiki iliyopita Mtasema, kwa macho yake mabovu, alitumbukiza mdomo kwenye ndoo ya maji ya udhu ya mzee huyo. Mzee alipiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Nitakuja kumfanyia kitu mbwa huyu!" Halafu juzi alionekana dukani akinunua sumu ya panya.

"Wewe! Na maneno yale aliyosema!"

"Na dukani kwenyewe nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu."

Vidonge ni dawa, Rosalia alijiambia. Dawa haiwezi kumfanya mtu atapike weusi. Labda ni sumu kweli. Lakini hakumtazama mtu usoni. Jioni ile, kwa kutumaini nafuu, akamlazimisha mbwa kumeza nusu ya kidonge cha mwisho alichokuwa amekificha.

Jioni hiyohiyo njia panda hapakuwa na mteja hata mmoja. "Mikono inayoshika sumu ndiyo itie chumvi nyama?" watu walisema, wakapita na njia zao.

Kesho yake shuleni, Moza, mjukuu wa Mzee Abdala, alikaa kwenye dawati lilelile analokaa na Rosalia, lakini alisogea mpaka ukingoni.

"Jana babu karudi na sinia lote," alisema kwa sauti ndogo. "Tumekula mishikaki mpaka tukachoka. Yeye hakula hata mmoja. Rosalia, wewe unaamini babu yangu kamuua mbwa wenu?"

"Hajafa."

"Sikukuuliza kama kafa. Nimekuuliza unaamini?"

Rosalia aliinama kufunga kamba ya kiatu, na kamba haikuwa imefunguka.

Siku ya tatu ya ugonjwa, Bwana Jerome, afisa mifugo wa kata, alifika kwa pikipiki. Alipiga magoti mchangani, akainua mdomo wa Mtasema. Ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi. Alipomshika tumboni, mbwa alitoa mlio uliowafanya watoto warudi nyuma.

"Amekula nini huyu?"

"Sumu!" Baraza nzima ilijibu, na Mama Adija akaanza kueleza habari ya ndoo, ya duka, na ya maneno aliyosema Mzee Abdala, na mengine ambayo jana hayakuwepo.

Bwana Jerome aliinua mkono. "Nisikilizeni. Kama ni sumu ya panya, kuna sindano yake, na mimi hapa sina. Itanibidi niende Lindi mjini kuitafuta, nirudi kesho. Kama ni kitu kingine, safari hiyo ni bure, na kesho nitakuta mzoga. Dawa nyingine ninazo humu kwenye mkoba. Anayejua jambo aseme sasa. Si baadaye, sasa."

Rosalia alimtazama Mjomba Klementi, akamtazama Bibi, kisha akamtazama mbwa. Mtasema alikuwa akijaribu kutikisa mkia kwa sababu alisikia harufu yake.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?" Bibi aliuliza.

"Nilimpa vidonge vyako vya magoti."

Kisu kilimponyoka Mama Adija.

"Vingapi?" Bwana Jerome aliuliza, tayari akifungua mkoba.

"Kwanza kimoja kwa siku. Baadaye viwili. Kwa siku saba. Na juzi jioni nusu, nilidhani atapata nafuu."

"Akiwa tayari anatapika damu?"

"Sikujua kuwa ni damu."

Bwana Jerome alipumua kwa nguvu. "Vidonge hivi kwa mtu vinatuliza maungo, ndiyo maana anaambiwa ale kwanza. Kwa mbwa vinachubua tumbo mpaka linavuja damu, na figo zinaumia. Weusi ule wote ulikuwa damu." Alimchoma sindano moja, akamchoma ya pili, akafunga dripu kwenye nguzo ya baraza. "Ungesema juzi ningemkuta na nguvu. Leo siwezi kuahidi kitu."

Mama Adija alishika kisu, akaanza kumenya kwa bidii muhogo uliokwisha kumenywa.

"Kwa nini hukusema?" Mjomba Klementi aliuliza, sauti imekwaruza.

"Wewe ulisema utamwita mtu wa rungu."

Mjomba aligeuza uso. Baadaye alikwenda kushika chupa ya dripu isiyumbe, na alikaa pale muda mrefu bila kuagizwa na mtu.

Bibi Fortunata aliinuka kwa shida, akishika ukuta. "Haya. Twende."

"Wapi, Bibi?"

"Kwa Abdala. Tukitoka hapo, nyumba zote zilizopata habari hii."

Mzee Abdala alikuwa uani, jiko lake la mishikaki limepinduliwa chini.

"Shikamoo, babu," Rosalia alisema.

"Marahaba."

Rosalia alieleza yote, kuanzia kidonge cha kwanza. Hakulia, kwa sababu Bibi alimwambia njiani asilie: ukilia utamfanya mzee wa watu akubembeleze, na leo si zamu yako kubembelezwa. Mzee Abdala alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilimfukuza mbwa wenu kwa ajili ya maji yangu ya udhu," alisema. "Nikatoa maneno makali, ni kweli, sikatai. Lakini sumu niliyonunua ni ya panya wa ghalani, na ipo, haijafunguliwa. Siku tatu nikipita njiani watu wanakatisha mazungumzo. Watu niliowazika wazazi wao!" Alifuta uso kwa kofia yake. "Nimekusikia, mwanangu. Kusamehe nitasamehe. Ila usitake nicheke leo."

"Ndiyo, babu."

Moza alikuwa mlangoni. Aligeuka akaingia ndani.

Kutoka hapo walipita nyumba kwa nyumba. Bibi hakuwa na vidonge siku hiyo, akaegemea bega la Rosalia, na kila nyumba bega lilizidi kuwa zito. Wengine walisema pole. Wengine waligeuza mambo, wakadai wao tangu mwanzo hawakuamini. Na mtu mmoja karibu na duka aliapa kwamba aliona kwa macho yake nyama ikirushwa juu ya ua.

"Lakini ni mimi niliyempa vidonge!" Rosalia alisema.

"Basi alipewa vyote viwili," yule mtu alijibu, akaendelea kunywa chai yake.

Jioni Mzee Abdala aliwasha jiko njia panda, labda kwa mazoea tu. Bibi Fortunata alikwenda akakaa kwenye benchi lake, peupe, akaagiza mishikaki yake na ya Rosalia. Alikula taratibu, kipande kimoja kimoja, akimwamkia kila anayepita. Rosalia naye alikula. Mama Adija alipita mara ya kwanza, akapita mara ya pili. Mara ya tatu alikaa.

"Nipe na mimi, Mzee Abdala," alisema bila kuinua macho. "Tia na pilipili."

Mtasema hakufa usiku ule. Siku ya tano ya ugonjwa alilamba maji ya uji. Lakini hakurudi shambani tena. Korosho zilipoanza kudondoka nguruwe pori waliingia kwenye mihogo ya Bibi, wakafukua matuta mengi kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja. Mjomba Klementi alikesha huko na kopo la kupiga kelele. Habari ya rungu hakuitaja tena.

Bwana Jerome alirudi kumpima. Aliwaambia wamtandikie magunia mahali pakavu, wamlishe chakula laini kidogo kidogo, maji yawe karibu na kichwa chake, na dawa yoyote wamuulize yeye kwanza. Kisha akavuta pikipiki pembeni akazungumza na Bibi kwa sauti ya chini.

Alipoondoka Rosalia aliuliza, "Bibi, atapona?"

Mtu mwingine angesema ndiyo ili mtoto afurahi. Bibi alikaa kwanza.

"Hapana, mjukuu wangu. Figo zimeumia, na uzee ulikuwepo tangu kabla ya vidonge. Tutamtunza mpaka siku yake."

Rosalia aliinama, machozi yakidondokea magunia.

"Sikiliza," Bibi alisema. "Kumpa dawa isiyo yake ulikosea kwa kutojua, na kutojua kunafundishika. Sasa unajua: dawa niliyoandikiwa mimi ni yangu, hata jirani mwenye magoti kama haya asiimeze, sembuse mbwa. Kilichotuumiza ni kunyamaza. Ulinyamaza anachechemea, ukanyamaza anatapika, ukanyamaza mzee wa watu anavuliwa heshima. Na sisi wakubwa tulikuwa na makosa yetu. Mjomba wako alikutisha, na baraza yangu ilisema isichokijua. Lakini wewe peke yako ndiye uliyekuwa na ukweli mkononi. Mgonjwa anayeweza kusema anasema mwenyewe. Asiyeweza, anasemewa na anayemwona kila siku. Ukificha unachokiona, umemwacha bila mdomo."

"Ndiyo, Bibi."

Rosalia alimfuta Mtasema macho kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akageuza gunia upande wa pili, akalitazama, akalipapasa.

"Bibi," alisema. "Gunia ni kavu. Hajakojoa tangu jana."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Na maji amekunywa bakuli zima."

Bibi alichomoa simu kwenye fundo la khanga, akampa.

"Mpigie Bwana Jerome. Hajafika mbali."

Rosalia alikuwa ameshaanza kubonyeza namba.