Usukani Uliohamishwa Kutoka Kushoto

Benoît, rafiki yangu wa Bwera, aliponisimulia haya alikuwa bado na hasira. Pikapu yake kuukuu aliinunua Butembo, usukani ukiwa kushoto kama magari ya Kongo, akauhamishia kulia ili aendeshe Uganda. Tangu hapo kukata kona ilikuwa vita. Alibadilisha mafuta, akabadilisha mkanda, akabadilisha pampu ya pawa stelingi. Wapi!

Jumamosi moja dada yake Marlène alikuwa akimngoja kwenye mwalo wa Hamukungu na samaki waliokwisha kuanza kulainika. Benoît akashindwa kuendelea, akaingia kwa fundi Nzanzu, Kasese. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, umeme umekatika, gereji giza mchana kweupe.

Nzanzu aliinua gari kwa jeki mpaka matairi ya mbele yakaning'inia, Benoît akiwa ameketi kwenye usukani.

"Kata."

"Inakatala!"

Nzanzu akaingia uvunguni, akafungua chuma kinachounganisha usukani na matairi, akakitoa kabisa.

"Sasa haijashikana na kitu. Hata mutoto atazungusha."

Benoît akavuta mpaka mabega yakamuuma. Haukusogea.

"Nzanzu, achiya! Unashikilia nini huko chini?"

"Mimi niko huku mlangoni," sauti ikajibu nyuma yake, "natafuta tochi."

Benoît akaondoa mikono yote miwili. Usukani ukajizungusha kwenda kushoto, polepole. Na pale kushoto, usukani ulikokuwa zamani, kwenye kiti kitupu, springi zikalia kama za dereva anayeegemea kona.