Miwani Iliyobaki Kitini

Jua lilikuwa linazama nyuma ya miwa Musimbi alipotumwa akalete sufuria. Sufuria tu. Ayuma, mke wa binamu yake, alimwonyesha kwa kidevu nyumba ya marehemu mama mkwe wake, akamwambia iko nyuma ya mlango, aichukue arudi upesi kwa kuwa obusuma, ugali wa wageni, bado haujasongwa.

Uani, ukoo mzima ulikuwa umekaa kwenye viti vya kukodi. Ilikuwa siku ya kugawa nguo za Senge Teresa, dada ya baba yake Musimbi, aliyeolewa huku Navakholo na kuzikwa huku. Na kwao kitu cha marehemu hakiokotwi. Mzee hukiinua watu wakione, hukitaja, kisha humkabidhi mtu mkononi. Hata leso iliyotoboka hupita njia hiyo. Musimbi alikuwa amepewa kikapu na sweta, akapokea kwa mikono miwili kama alivyofunzwa tangu utotoni.

Musimbi aliusukuma mlango wa buluu, akaingia. Nyumba ya Senge ilikuwa na ubaridi. Ilinuka dawa ya kuchua na moshi wa kuni, ingawa hakuna aliyewasha moto humo tangu msiba. Sufuria aliiona mara moja. Lakini kabla hajainama aliona kiti cha mbao, kimewekwa peke yake katikati ya chumba, kimeelekezwa mlangoni.

Juu ya kiti kulikuwa na miwani.

Mtu mwingine angeipita. Lakini Musimbi alikuwa amehangaika na miwani mpaka akawa kichekesho cha jirani zake kule Amalemba. Alipata riziki kwa kuchapa na kusahihisha maandishi ya watu kwenye kompyuta, kutwa nzima, na macho yalikuwa yamemsaliti. Miwani ya kwanza ilimbana pua mpaka ikaacha vidonda viwili. Ya pili, ile ya kusomea na kuonea mbali kwa pamoja, ilifanya sakafu iinuke na kushuka. Siku ya kwanza tu alikosa ngazi akaanguka mbele ya mchungaji. Ya tatu waliisifu kwamba inazuia mwanga wa skrini. Labda iliuzuia kweli, lakini maumivu ya kichwa iliyakaribisha kama wageni wa harusi. Wateja walianza kulalamika juu ya makosa. Alikuwa akimlea binti yake, Mitchel, peke yake, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Basi aliivaa. Kujaribu tu.

Ilikaa puani kama haipo. Ukutani kulikuwa na kalenda kuukuu ya duka la mbolea, na chini kabisa maandishi madogo mno ya mchapishaji. Musimbi aliyasoma yote kutoka pale aliposimama, neno kwa neno, bila kukunja uso. Alitaka kulia kwa furaha. Akaitia miwani kifuani, akabeba sufuria, akatoka. Hakuwa ameiba, alijiambia. Nani mwingine angetaka miwani ya mtu?

Jikoni alikuta sufuria mbili kubwa tayari ziko motoni. Ayuma aliipokea ile ya tatu, akaiweka chini, akamtazama kifuani muda mrefu. Jioni hiyo hiyo Wanzala, mwana wa marehemu, aliifunga nyumba ya mama yake kwa kufuli.

*

Siku za kwanza zilikuwa raha tupu. Herufi zilisimama wima. Musimbi alimaliza kazi zilizokuwa zimelala, akaimba akiosha vyombo, akazitupa zile miwani nyingine chini ya kitanda kwa dharau. Mitchel alimwambia anafanana na bibi kizee. Walicheka wote wawili.

Kisha ikaja harufu. Alikuwa akichapa, mvua ya alasiri ikipiga mabati, akanusa dawa ya kuchua. Akanusa moshi wa kuni. Yeye alipikia gesi.

Halafu ikaja rangi. Pembeni ya jicho la kulia palikuwa na kitu cha buluu. Akigeuka, nacho kinahama. Akifuta lenzi, kipo. Alidhani ni uchovu, akanywa maji, akalala mapema. Kesho yake kile kitu kilikuwa kimesogea ndani kidogo na kilikuwa na bawaba.

Ulikuwa mlango.

Aliivua miwani akaitupa mezani. Hapo ndipo alipoogopa kweli, kwa maana hakuona chochote. Chumba kilikuwa ukungu mtupu, mweupe, kama asubuhi ya baridi msituni. Alipapasa chini ya kitanda, akavaa miwani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukungu. Akairudisha ile ya Senge, na herufi za kompyuta zikasimama wima tena, safi, zikimngoja.

Alienda kwa daktari wa macho mjini, mwanamke mpole aitwaye Immaculate, aliyekuwa amemvumilia kwa miwani zote tatu. Immaculate alimpima, akampima tena. Akasema sasa macho yake hayana ugonjwa wowote, ni mazima kama ya mtoto. Kisha akaiweka miwani ya Senge kwenye mashine yake.

"Musimbi, hii unasomanga nayo aje?" aliuliza polepole. "Hii haina nguvu yoyote. Ni kioo tu, kama ya dirisha."

Musimbi alimwangalia daktari usoni ili amweleze, na mahali pa uso palikuwa na mbao za buluu.

Tangu siku hiyo alizipoteza nyuso. Maandishi aliyaona yote, hata ya mbali, hata ya chupa ya dawa. Lakini mtu yeyote akisimama mbele yake, alionekana mlango. Nao ulikuwa ukikua. Ulikula ukuta, ukala dirisha, mpaka nyumba yake ya Amalemba ikabaki kama picha iliyobandikwa kwenye mlango wa mtu mwingine. Alijua sasa ni mlango upi: ule wa Senge, kama unavyoonekana kutoka ndani. Kila jioni, mwanga uliopenya chini yake ulikuwa ukififia taratibu, na Musimbi alihisi kifuani uchungu wa mtu anayengoja. Ulikuwa uchungu mkubwa, tena haukuwa wake.

Siku moja Mitchel alirudi kutoka shule na mchoro. Alisimama mbele ya mama yake akamwinulia karatasi. Musimbi alisoma neno MAMA, kila herufi. Akainua macho apate kuiona ile sura aliyoizaa.

Mlango.

Alijikaza asilie. Akaanza kusikia mkwaruzo... krrr... krrr... wa kucha juu ya mbao. Mkwaruzo ulitoka karibu. Karibu sana. Alitega sikio ajue unakotoka.

"Mama," Mitchel alisema kwa sauti ndogo, "wacha kukwaruza meza. Unatoka damu."

*

Walishuka Navakholo kwa pikipiki, jua likiwa limeinama. Mitchel alimwongoza mama yake kwa mkono kama mtu anavyoongoza kipofu, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Wanzala hakuwa nyumbani; alikuwa zamu kiwandani. Walimkuta Ayuma akipepeta mahindi. Musimbi alimjua kwa sauti ya ungo tu.

Ungo ulinyamaza. Ayuma hakuuliza wamekuja kufanya nini.

"Kitu ya marehemu unapewanga," alisema, chini kwa chini. "Ukijichukulia, ni wewe umepeanwa."

Akamketisha, na kidogo kidogo akatapika yaliyomkaa moyoni. Uzeeni Senge alikuwa akitembea jioni, akisahau njia, akipatikana kwenye maboma ya watu. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba ni mchawi, kwamba anatafuta milango ya watu ili acheze uchi usiku. Kanisani watu walihama benchi lake. Wanzala aliona haya, akaanza kumfungia kila jioni. Baadaye akamfungia mchana pia. Mama yake aliweka kiti mbele ya mlango, akavaa miwani yake, akakaa akiutazama. Akichoka kukaa, aliinuka akakwaruza. Aliita majina ya watu wa kwao, mmoja mmoja, aje yeyote amfungulie.

Musimbi aliuliza kama jina lake liliitwa.

"Sana," Ayuma alisema. "Siku ya mwisho alikwaruza kutoka asubuhi. Tukasema atanyamaza tu. Akanyamaza."

Mzee wa ukoo alikataa kuitaja miwani siku ya kugawa, Ayuma akaendelea. Walikuwa wamemkuta Senge nayo usoni, macho wazi. Wanzala akaamuru iachwe pale pale kitini. Lakini mkwaruzo haukukoma hata baada ya mazishi. Watoto wa Wanzala walikuwa hawalali.

Hapo Musimbi alikumbuka zile sufuria mbili jikoni. Alihisi hasira ikimpanda, na nyuma ya hasira hofu kubwa zaidi. Alimwuliza Ayuma kwa nini alimtuma yeye.

Ayuma aliokota makapi ungoni mpaka Mitchel akaanza kuvuta sketi ya mama yake.

"Ilikuwa lazima mtu afungue," alisema mwishowe. "Na mimi si damu yake." Akamtia ufunguo kiganjani, akamfunga vidole juu yake kwa mikono yake miwili. "Rudisha na mkono yako. Weka kwa kiti, toka. Mtoto umwache na mimi."

Lakini Mitchel aligoma. Alisema mama haoni, atajikwaa. Musimbi naye, Mungu amsamehe, hakutaka kuuachia ule mkono mdogo. Ndicho kitu pekee alichokuwa na hakika nacho duniani. Walivuka uani pamoja, Mitchel akimhesabia mawe ya kuruka.

Musimbi hakuwaza kazi tena, wala wateja, wala herufi. Alitaka kitu kimoja. Aione sura ya mwanawe.

Alipapasa kufuli, baridi. Mbele ya macho yake mlango wa buluu ulikuwa umejaa pote, hakuna kingine, na alikuwa akiutazama kutoka ndani kama kawaida. Aliona mpaka alama za kucha. Aliona mwanga wa jioni chini yake, na katika mwanga huo vivuli vya miguu. Miwili mikubwa. Miwili midogo.

Ilimchukua muda kuelewa ni miguu ya nani.

Kufuli ilifunguka... ta. Mlango ukalia. Mstari wa mwanga ukaingia, ukapanuka, ukamchoma macho. Na pale mlangoni, baada ya siku zote zile, Musimbi alimwona Mitchel. Alimwona kabisa. Sweta ya shule, pengo la jino, kovu dogo juu ya nyusi, nywele zilizotaka kusukwa upya. Moyo wake ulijaa mpaka ukauma. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru hata Senge.

Kisha macho yake yakaufuata mkono uliomshika mtoto. Aliijua ile saa. Aliijua ile blauzi, kwa kuwa aliivaa mwenyewe asubuhi.

Mwanamke aliyesimama na Mitchel alikuwa yeye. Uso mtupu, bila miwani, akipepesa macho kwa mwanga kama mtu aliyekaa gizani sana.

Musimbi alitaka kukimbia kumshika mwanawe. Miguu haikuinuka. Kucha zake zilikuwa zimeshika mbao za kiti, na vidole vilikuwa vya mtu mzee. Alifungua kinywa kuita. Kilitoka kitu kama upepo unaopita kwenye nyasi za paa.

"Asante, mwanangu," yule mwanamke alisema. Sauti ilikuwa ya Musimbi. Ule upole haukuwa wake.

"Mama, miwani yako iko wapi?" Mitchel aliuliza.

"Nimeirudisha. Sasa naona vizuri."

"Unaniona?"

"Nakuona. Twende nyumbani."

Mitchel alicheka, kile kicheko chake cha pengo, akamrukia kiunoni. Juu ya kichwa cha mtoto yule mwanamke alitazama ndani ya chumba, mpaka kwenye kiti, kwa huruma ya kweli. Kisha akauvuta mlango taratibu.

Ta.

Musimbi alisikia Ayuma akiwaaga, akiwaambia wabebe mahindi kidogo ya kuchoma. Alisikia pikipiki ikiwaka, ikifuata barabara ya udongo mwekundu, ikipotea upande wa miwa. Mwanga chini ya mlango ulikuwa unafifia. Aliinuka kwa taabu, akaweka kucha kwenye mbao, akaanza kuita majina ya watu wa kwao. La Mitchel hakuliita. Alilimeza kila lilipomfika mdomoni.

Alipochoka alirudi kitini. Ukutani, gizani, maandishi madogo ya kalenda yalisomeka yote. Miwani haikumbana hata kidogo.